Nimtafute mshauri wa aina gani anifundishe kutulia bila muguka?

"Asalaam aleikum, daktari. Nina miaka 37, nina mke na watoto watatu, na nafanya kazi kwenye yadi ya makontena hapa Mombasa, shifti ya usiku. Tangu baba afariki miaka miwili iliyopita, nyumba nzima imeniangukia mimi: mama, karo ya wadogo zangu wawili, na wangu mwenyewe. Muguka, haya majani ya jamii ya miraa, niliuanza ili nisisinzie kazini. Sasa natafuna hata siku ya mapumziko, kwa sababu bila huo mawazo hunijaa hadi kifua kinabana. Nikirudi asubuhi silali mpaka nimeze daizepamu. Nanunua duka la dawa, mwanzo nusu kidonge, sasa viwili. Nikiamka sina subira, nawafokea watoto kwa jambo dogo. Mama watoto ameniambia nitafute mtu wa kuongea naye. Mwaka jana nilimwendea mshauri mmoja, akaniambia niache muguka, nimche Mungu, nimheshimu mke wangu. Hayo nayajua. Sikurudi. Nataka mtu wa kunifundisha njia nyingine ya kutulia, lakini sijui nimtafute wapi, nitamjuaje kama kazi anaijua, na nikimpigia simu niseme nini. Je, nikienda nitaandikwa mgonjwa wa akili? Pia naogopa kupewa dawa nyingine juu ya hizi."

Wa aleikum salaam, ndugu yangu. Kabla sijaligusa swali lako lenyewe, kuna jambo moja nataka ulisome leo, hata kama mengine utayasoma kesho. Usiache daizepamu kwa ghafla. Nimewaona watu wazuri waliopandwa na ari usiku mmoja wakavitupa vidonge vyote chooni, na siku chache baadaye wakaletwa hospitali wamebebwa. Mwili uliozoea dawa hii kila siku kwa miezi, ukinyimwa mara moja, huweza kutetemeka, kukosa usingizi kabisa na hata kushikwa na kifafa. Dawa hii hupunguzwa kidogo kidogo, kwa majuma na pengine kwa miezi, mbele ya daktari anayejua umefikia kiasi gani. Mpaka utakapomwona, usiongeze kidonge cha tatu, na usivichanganye na pombe wala na dawa kali za maumivu kama tramadoli. Vitu hivi vikikutana huweza kumkata mtu pumzi akiwa usingizini.

Sasa tuje kwako. Umeandika mengi, lakini kiini chake nakisikia hivi: umechoka kuambiwa uache, unataka kufundishwa. Uko sawa kabisa. Yule mshauri hakukosea aliposema muguka unakudhuru. Kosa lake ni kutokuuliza unakufanyia nini.

Nasema hivi kwa uchungu, maana nami nililitenda kosa hilo hilo. Mwaka wangu wa kwanza kazini alinijia kijana mpakuzi wa mizigo, akanieleza habari zake kwa nusu saa, nami nikamjibu kwa orodha ya madhara ya miraa. Aliniaga vizuri, akaondoka, wala sikumwona tena. Baadaye sana ndipo nilipofahamu kwamba nilimtaka aachie ubao alioushika baharini bila kumpa kitu kingine cha kuelea. Mazoea mabaya hayakai kwa mtu bure. Hukaa kwa sababu yanamfaa kwa saa mbili tatu, na anayetaka kukusaidia lazima azijue hizo saa mbili tatu zinakupa nini.

Wewe zinakupa nini? Ngoja nikueleze ninavyoliona, nawe utanisahihisha moyoni mwako. Jani la muguka lina kemikali iitwayo kathinoni, ambayo hupungua nguvu kadiri jani linavyonyauka. Ndiyo maana magari ya kutoka Embu hukimbia namna ile ili jani lifike Mombasa lingali bichi. Kathinoni huuchochea ubongo utoe kwa wingi dopamini na noradrenalini, kemikali zake za raha na za kuuamsha mwili. Hapo usingizi hukimbia, njaa hupotea, maneno huja yenyewe, na lile jambo lililokuwa linakukaba huonekana dogo. Hiyo ndiyo stimu. Lakini noradrenalini hiyo hiyo ndiyo inayoongeza mapigo ya moyo, kupandisha presha ya damu na kukaza misuli ya kifua. Stimu ikishuka, hubaki uchovu, unyonge na hasira za karibu. Kwa hiyo sehemu ya ule mbano wa kifua unaouita mawazo huenda ni jani lenyewe. Sehemu gani, hakuna mtu awezaye kukuambia leo. Itajulikana baada ya majuma kadhaa ya kupunguza.

Kisha inakuja daizepamu. Unatoka kazini alfajiri, mwili umechoka lakini ubongo ungali umewashwa. Kidonge kinauzima. Unalala, ila si ule usingizi wa kushiba, nao mwili unakizoea kidonge upesi, ndiyo maana nusu imekuwa viwili. Mchana unaamka mzito, una deni la usingizi, na mtu mwenye deni la usingizi hana subira kwa mtoto aliyemwaga chai. Unawafokea, unajuta, majuto yanaongeza mawazo, jioni unatia muguka shavuni. Unadhani una matatizo manne: mawazo, jani, vidonge na hasira. Mimi naliona gurudumu moja, nawe unaweza kulikamata popote unapolifikia.

Kuna jambo la tano ambalo umelitaja kwa nusu sentensi kisha ukapita. Baba alifariki. Nina shaka, na naomba unisamehe nikikosea, kwamba siku zile za matanga wewe ndiye uliyesimama: sanda, kaburi, wageni, hitima, madeni. Wengine walilia, wewe ukahesabu sahani. Miaka miwili baadaye bado unahesabu. Mshauri mzuri atafika hapo, si siku ya kwanza, lakini atafika.

Ubongo hujifunza kwa nafuu. Kila mara wazo zito linapokuja nawe ukalikimbia kwa jani, nafuu ile humfundisha ubongo mambo mawili: kwamba wazo lile ni la hatari kweli, na kwamba jani ndilo lililokuokoa. Kesho wazo hurudi likiwa zito zaidi. Stadi za kuhimili msongo, hizo unazozitafuta, kazi yake ni kuuonyesha ubongo kitu tofauti: kwamba kifua kinaweza kubana, ukakaa nacho dakika kadhaa, kikafunguka bila jani na bila kidonge. Jambo hilo mtu haliamini kwa kuambiwa. Huliamini mwili unapolipitia mara ya sita au ya kumi. Ndiyo maana mahubiri hayakukutibu, hata yalipokuwa ya kweli.

Stadi zenyewe si siri. Ipo ya pumzi: kuvuta hewa taratibu hadi tumboni na kuitoa kwa muda mrefu kuliko ulivyoivuta, dakika kumi, kila siku, hata siku ambayo huna wasiwasi. Pumzi ndefu ya kutoa hupunguza kasi ya moyo. Ipo ya kuketi na hamu bila kuitii. Wewe umekulia pwani, unajua maji hujaa na kupwa. Hamu ya jani ni hivyo hivyo: huja, hupanda, hufika kileleni, na mara nyingi ndani ya nusu saa huanza kupungua yenyewe hata usipoilisha. Ipo ya kutenganisha mawazo yenye kazi na mawazo ya kuzunguka. "Karo ya muhula ujao itatoka wapi" ni wazo lenye kazi, linataka karatasi, kalamu na simu kwa bwana fedha wa shule. "Ningekuwa mwana bora baba angeishi" ni wazo la kuzunguka, nalo linatunzwa kwa namna nyingine kabisa. Na ipo ya hasira, ambayo nadhani umeisikia tangu madrasa: Mtume alifundisha kwamba aliyekasirika akiwa amesimama na akae, na ikiwa haijamtoka, alale. Mwanasaikolojia angekufundisha jambo lile lile kwa maneno yake, kwamba mwili ukibadilisha mkao kabla ya ulimi kufunguka, unapata nafasi ya kuchagua.

Sasa, ni nani atakayekufundisha? Watu wengi huwachanganya hawa watatu. Kaunsela, au mshauri nasaha, amesomea kusikiliza na kumwongoza mtu apite kwenye shida. Mwanasaikolojia wa tiba amesoma zaidi jinsi ya kupima na kutibu kwa mazungumzo na mazoezi. Hawa wawili hawaandiki dawa. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili wa hospitali, naye ndiye anayeweza kukupangia namna ya kushuka daizepamu. Kwako wewe nasema bila kusitasita: unahitaji watu wawili, daktari kwa ajili ya vidonge, na mwanasaikolojia au kaunsela mzoefu wa uraibu kwa ajili ya hizo stadi. Hofu yako ya kuongezewa dawa naielewa, lakini daktari huyo unamwendea akupunguzie. Akitaka kukuanzishia nyingine, una haki ya kumuuliza ni ya nini, ya muda gani, na nini kitatokea usipoitumia.

Na kuandikwa mgonjwa wa akili? Hakuna daftari ambalo jina lako litatiwa, kisha mwajiri akalisoma. Unayoyasema kwa mshauri ni siri. Habari za afya ni miongoni mwa zile zinazolindwa kwa mkazo na Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya mwaka 2019. Ziko hali chache ambazo mshauri atalazimika kumwambia mtu mwingine, hasa pakiwa na hatari ya wewe kujidhuru au kumdhuru mtu, au mtoto akiwa hatarini. Mshauri mwadilifu atakutajia hali hizo siku ya kwanza kabla hujafungua kinywa. Asipokutajia, muulize.

Kwa Mombasa, ningeanzia hospitali ya umma. Hospitali Kuu ya Pwani, ile wenyeji wanayoiita Makadara, ina huduma ya afya ya akili, na Port Reitz kule Changamwe ina kitengo chake. Foleni zipo, na huenda ukamwona mtu tofauti kila mara, jambo ambalo kwa tiba ya mazungumzo si zuri, lakini kwa hatua ya vidonge panafaa na gharama ni nafuu kuliko ya binafsi. Kwa upande wa uraibu, mashirika ya MEWA pale Majengo na Reachout Centre Trust yamefanya kazi hii na watu wa pwani kwa miaka mingi. Hawatashtuka wakisikia muguka. Ukitaka kuanza kwa simu bila kuonana na mtu, laini ya NACADA, mamlaka ya serikali ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192 na ya Msalaba Mwekundu wa Kenya ni 1199, zote za bure. Waulize wakuelekeze mtu wa karibu nawe.

Ukienda kwa mtu binafsi, muulize kwanza amesajiliwa wapi. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka kila anayefanya kazi hii asajiliwe. Fundi wa kweli hakasiriki kuulizwa cheti. Kisha muulize swali ambalo kwangu lina uzito kuliko cheti: "Nikikuambia natafuna muguka kila siku, utaanzaje na mimi?" Akianza na madhara, mshukuru ukate simu. Akisema angetaka kwanza kujua unautafuna saa ngapi, na nani, kabla yake ulikuwa unawaza nini na baada yake unajisikiaje, huyo kazi anaijua. Muulize pia kama huwapa watu mazoezi ya kufanya nyumbani baina ya kikao na kikao. Wewe umeomba kufundishwa, na ufundi haushiki kwa saa moja ya juma.

Bei usiione haya. Muulize kikao ni kiasi gani, ni dakika ngapi (kwa kawaida 45 hadi 60), na kama anaweza kukupunguzia au kukutana nawe kila baada ya majuma mawili. Vyuo vinavyofundisha ushauri huwa na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanaohudumia watu chini ya msimamizi kwa bei ndogo, nao wengine hufanya kazi kwa bidii ya kukushangaza. Anayekudai fedha ya vikao kumi kabla hamjaonana, anayekuahidi utapona kwa siku moja, anayekuuzia dawa zake mwenyewe, anayekusimulia siri za wateja wengine, au anayekugusa kwa namna isiyokupendeza, muache hapo hapo.

Jambo jingine ambalo wengi hulisahau ni lugha. Wengi wetu tulisomea kazi hii kwa Kiingereza, na mtu akituambia "roho iko juu", "moyo umeingia kiza" au "nafsi imekinai", tunakimbilia kuyatia kwenye visanduku vya vitabu. Mtafute mtu ambaye mbele yake utasema kama unavyosema na mama watoto. Ukijikuta unatafsiri kichwani kabla ya kusema, nusu ya nguvu yako imeishia hapo.

Umetaja Mungu, nami sitaki ufikiri nakutoa msikitini ili nikupeleke kliniki. Imamu wako anaweza kukupa kitu ambacho mimi sina. Ila si wote wamefundishwa kumsindikiza mtu hatua kwa hatua katika kuacha uraibu, na wengine ni majirani ambao utaona haya kukutana nao kesho yake. Ziendee njia zote mbili.

Wala usidhani lazima awe mtu mwenye shahada tatu. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwafundisha mabibi wazee wa mtaani kukaa na watu kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasaidia kutatua shida moja baada ya nyingine. Wenyewe Washona hali hii wanaiita kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, neno ambalo msemaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha watu waliokaa na mabibi wale walipata nafuu zaidi ya waliopata huduma ya kawaida. Hapa kwetu Nairobi, utafiti wa 2017 na wanawake waliopitia ukatili uliwatumia wahudumu wa afya wa jamii kwa vikao vitano tu vya mpango wa Shirika la Afya Duniani: pumzi, kutatua matatizo, kurudi kwenye shughuli, kujizungushia watu. Vilisaidia. Kwa hiyo kaunsela kijana mwenye mafunzo mazuri na msimamizi anaweza kukufaa sana kwa upande wa msongo. Vidonge ndivyo visivyotaka kubahatisha.

Ukishampata, mpe vikao vitatu au vinne kabla ya kumhukumu. Cha kwanza ni cha kujuana, na wengi hutoka wakiwa wameelemewa kuliko walivyoingia. Kufikia cha nne lazima uwe na kitu mkononi: zoezi unalolifanya, kitu ulichokigundua kuhusu saa zako mbaya, au angalau hali ya kutaka kurudi. Kama hakuna, mwambie waziwazi. Anavyolipokea neno hilo ndivyo utakavyomjua. Kubadilisha mshauri si utovu wa adabu.

Usitegemee njia iwe nyoofu. Ukipunguza muguka utakuwa na siku za uzito, usingizi wa ovyo, ndoto mbaya na unyonge, hasa majuma ya mwanzo. Zungumza na msimamizi wako kazini kama kuna uwezekano wa shifti ya mchana hata kwa miezi miwili. Huna haja ya kumweleza yote, sema tu daktari amekushauri kuhusu usingizi. Maskani nako, pale mnapokutana kutafuna, patakuvuta. Wale ni wenzako, nami sitakuambia uwakate, lakini kwa muda kutana nao mahali pengine, kwenye kahawa, au nyote mkatembee ufukweni Mama Ngina jioni.

Usingoje miadi ikiwa lolote kati ya haya limetokea: maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au taya, au yanayokuja na kukosa pumzi, kushikwa na kifafa, kusikia sauti au kuanza kuamini kuna watu wanakufuatilia, jambo ambalo muguka mwingi unaweza kulileta, kuhisi mkono wako unaweza kumwangukia mke au mtoto, au wazo la kwamba heri usingekuwepo. Nenda hospitali hapo hapo, tena na mtu. Hilo la mwisho watu huliogopa kulisema kwa kuhofia polisi. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichofanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai, ni kinyume cha Katiba. Kwa hiyo sema, wala usipunguze neno.

Umeuliza ukipiga simu useme nini. Sema hivi: "Nafanya kazi usiku, natafuna muguka kila siku, nameza daizepamu mbili ili nilale, na baba yangu alifariki miaka miwili iliyopita. Nataka kujifunza kutulia kwa njia nyingine. Je, unafanya kazi na watu kama mimi?" Iandike kwenye simu yako sasa ili usibabaike. Piga siku yako ya mapumziko asubuhi, na mama watoto awe ameketi karibu. Kwa daktari wa vidonge usingoje siku hiyo. Nenda juma hili, na uende na pakiti yake mkononi ili aone ni miligramu ngapi.